Sungura wako mzee hali nyasi? Anza na meno

Wiki hii nilikuwa nimepanga kuandika kuhusu ratiba ya kupandisha majike wakati wa mvua. Nimeiweka pembeni. Majuma machache yaliyopita, saa tatu usiku, niliingiwa na ujumbe kwenye simu kutoka kwa mfugaji mmoja wa huku kwetu Arumeru, binti mwenye majike 22 na bidii ambayo natamani kila kijana angekuwa nayo: "Shikamoo afisa, samahani kwa usumbufu usiku huu. Mzee hali tangu jana jioni. Nimempa karoti kainusa tu kaiacha."

Mzee ni sungura. Dume la New Zealand White, umri miaka saba, mnyama wa kwanza kabisa aliyenunuliwa na huyu binti kwa fedha yake ya kikoba. Alishaacha kupanda miaka miwili iliyopita. Kibiashara angekuwa ameshaliwa zamani, lakini mdogo wake wa darasa la tatu alilia mpaka mama yao akaingilia kati, basi Mzee akahamishiwa kwenye kibanda chake karibu na jiko, akawa mtu wa nyumbani.

Najua mmoja wenu atasema: afisa, mimi niko kwenye nyama, sungura wa miaka saba wa nini? Nakuelewa. Ila karibu kila banda ninalotembelea lina Mzee wake. Dume la mwanzo, jike lililokutoa kimasomaso, yupo tu pale pembeni anakula. Tena siku hizi mnauza sungura mjini kwa watu wanaofuga kwa mapenzi, na mteja yule baada ya miaka minne mitano anakupigia wewe, si mtu mwingine. Halafu kuna jambo lingine tulilogundua kwa sababu ya huyu Mzee, linalohusu banda zima. Nitalifikia.

Mdomoni kuna nini

Sungura ana meno 28. Yale unayoyaona akipiga miayo ni machache tu: mawili makubwa juu, mawili chini, na nyuma ya yale ya juu kuna mengine mawili madogo kama vijiti vya kiberiti, yamejificha. Yaliyobaki, 22, ni magego, yako ndani kabisa, na mdomo wa sungura haufunguki sana. Ndiyo maana wafugaji wengi wanakagua meno ya mbele, wanaona yako sawa, wanasema mdomo ni mzima. Kumbe tatizo liko nyuma.

Meno yote haya hayaachi kuota mpaka mnyama anakufa. Ya mbele yanaota milimita mbili au tatu kwa wiki, yaani kwa mwaka zaidi ya sentimita 10. Sasa jiulize, kwa nini basi sungura hana pembe mdomoni? Kwa sababu anayasaga kila siku. Nyasi ina chembe ngumu ndani yake, na sungura akitafuna nyasi taya la chini linakwenda upande kwa upande, jino linasugua jino. Akitafuna peleti au punje ya mahindi, taya linapanda na kushuka tu, linaponda, na kazi inaisha haraka. Meno hayasuguliwi vya kutosha.

Halafu taya la chini la sungura ni jembamba kuliko la juu. Magego yasipolika sawasawa, ya chini yanaota ncha kali upande wa ulimi, ya juu yanaota ncha upande wa shavu. Ncha ile inachoma kila anapomeza. Na si kuelekea juu tu: jino likikosa pa kwenda, mzizi nao unasukuma kurudi nyuma kwenye mfupa wa taya. Hapo ndipo unapopapasa chini ya taya unakutana na vinundu.

Dalili tulizozipita

Nilipofika asubuhi, swali langu la kwanza lilikuwa: ameacha kula lini? Binti akajibu, juzi. Tukakaa chini, tukaanza kurudi nyuma taratibu, na ikaonekana si juzi.

Kidevu kilikuwa kinalowa mate tangu kama mwezi mmoja. Walidhani ni maji ya kunywa. Jicho la kushoto lilikuwa linatoa machozi meupe, wakalifuta kwa maji ya chumvi, likarudi. (Mzizi wa jino la mbele la juu unapita karibu na kamfereji kanakopeleka machozi puani. Ukirefuka unakabana. Kwa hiyo sungura mzee mwenye jicho bovu upande mmoja, usikimbilie dawa ya macho kabla hujafikiria meno.) Nyasi alikuwa anazivuta, anazitafuna kidogo, anazidondosha, kisha anakwenda kwenye peleti. Mdogo mtu akasema, "Anapenda chapati sasa hivi, nyasi hazitaki." Mtoto alikuwa ameona vizuri kuliko wote, ila alikuwa hajui anachokiona. Mnyama mwenye maumivu mdomoni haachi kula kwa mkupuo. Anaanza kwa kuchagua. Anaacha kigumu, anabaki na laini, na sisi tunasema amekuwa mwenye kudeka.

Kinyesi nacho kilikuwa kimekuwa kidogo kidogo, punje ndogo na kavu. Na nyuma kulikuwa kumeganda kile kinyesi laini ambacho sungura hukila mwenyewe moja kwa moja kutoka mkunduni. Sungura mzee anakiacha kwa sababu mbili, ama mdomo unamuuma, ama mgongo na viungo vimekuwa vigumu hawezi kujikunja. Usiliache hilo, nzi wakitaga pale ni funza ndani ya siku moja.

Nikaomba daftari. Hapa nampa heko huyu binti, maana anapima uzito wa kila mnyama kwa mizani ile ile anayopimia peleti. Ila Mzee, kwa kuwa si wa biashara tena, alikuwa amepimwa mara ya mwisho miezi mitano nyuma: kilo 4.3. Tukampima palepale: kilo 3.5. Manyoya yalikuwa yameficha yote hayo.

Usiku ule na asubuhi yake

Jambo moja naomba ulikariri. Sungura asiyekula si wa kusubiri mpaka kesho kutwa. Tumbo lake linategemea chakula chenye nyuzinyuzi kipite muda wote. Kikisimama, gesi inajaa, maumivu yanaongezeka, hamu ya kula inapungua zaidi, na mzunguko huo unaua. Saa 12 bila kula ni dharura. Kufikia saa 24 unacheza na maisha yake.

Kwa simu usiku ule nilimwambia ampapase tumbo. Likiwa limejaa na kukaza kama ngoma, usimlishe chochote kwa nguvu, kunaweza kuwa na kizuizi, mpigie daktari. Tumbo la Mzee lilikuwa laini. Basi nikamwambia asage peleti, azichanganye na maji ya uvuguvugu mpaka iwe uji unaopita kwenye bomba la sindano, bila sindano yenyewe jamani. Mwili wa sungura umeegemea wako, umefungwa kwa taulo, ncha ya bomba inaingia pembeni, kwenye ule uwazi ulio nyuma ya meno ya mbele, siyo kwa mbele. Unasukuma mililita moja, unangoja ameze, unaendelea. Ukisukuma yote kwa pamoja uji utaingia mapafuni. Kiasi nilichompa ni mililita 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito kwa mlo, mara nne kwa siku. Na umpashe joto. Masikio ya Mzee yalikuwa ya baridi, wakaweka chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitenge ubavuni mwake.

Kitu ambacho hakufanya, na nashukuru, ni kumpa dawa za kopo. Alikuwa nayo amoksilini ya binadamu ndani ya nyumba, na dada mmoja jirani alimshauri amkorogee. Amoksilini, ampisilini na ndugu zao, kwa mdomo, ni sumu kwa sungura. Zinaua bakteria wazuri wa tumboni, wabaya wanabaki wanatawala, na mnyama anaharisha mpaka anakufa. Nimeshaona banda likipoteza majike sita kwa dawa iliyowekwa kwenye maji ya kunywa. Dawa ya sungura aichague daktari wa mifugo anayewajua sungura.

Kwa daktari

Asubuhi ile tukampeleka mjini. Njiani binti akaniambia, kwa fahari kidogo, kwamba hakumlisha alfajiri kwa sababu alikumbuka mbwa wao alipofanyiwa upasuaji waliambiwa asile. Hapana. Mbwa anaweza kutapika akiwa usingizini, sungura hatapiki kabisa, mwili wake hauwezi. Kumnyima chakula kabla ya nusu kaputi ni kumwongezea tatizo lile lile la tumbo kusimama. Tukasimama pembeni ya barabara tukampa uji kwenye boksi, watu wa bodaboda wanatushangaa.

Daktari alimwangalia kwanza akiwa macho, kwa kile kifaa chenye taa cha kuangalilia masikio. Kinaingia vizuri mdomoni mwa sungura. Akaona ncha mbili upande wa kushoto chini na kidonda kwenye ulimi. Akampa dawa ya usingizi, akasaga ncha zile kwa mashine ndogo ya kuzunguka, na kuusawazisha mdomo. Alimpa dawa ya maumivu, na akatwambia aendelee kulishwa kwa bomba mpaka aanze mwenyewe. Jipu hakuwa nalo, bahati yake. Usaha wa sungura ni mzito kama dawa ya meno, hautoki kwa kutoboa kama wa mbuzi. Jipu la taya mara nyingi linahitaji kukatwa lote pamoja na jino, na kwa mnyama wa umri huu si kila daktari atakushauri uanze safari hiyo.

Nikiri hapa jambo langu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza kazini, mzee mmoja aliniita, jike lake meno ya mbele yalikuwa yamepindana yametoka nje. Mimi nikiwa na suti ya kazi mpya na haraka ya kuonekana najua, nikatoa mkasi wa kukatia kucha, nikayakata kak, kak. Mzee yule akafurahi. Baada ya wiki tatu akaniita tena, uso umevimba. Jino lilikuwa limepasuka kwa urefu mpaka ndani ya ufizi, uchafu ukaingia, taya likaoza. Tulimchinja. Yule mzee hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kwa hiyo ukiona mtu, hata akiwa mtaalamu, anakaribia mdomo wa sungura wako na plaizi au mkasi wa kucha, mzuie. Jino la sungura husagwa au hukatwa kwa kisahani kidogo cha mashine. Halibanwi.

Hofu ya binti

Tulipokuwa tunangoja Mzee azinduke, binti akaniuliza kwa sauti ya chini, "Afisa, hii si ya kurithi kweli? Maana karibu nusu ya banda langu ni damu yake." Wiki iliyofuata alikuwa na mteja wa majike kumi ya mbegu, ameshalipa nusu ya fedha.

Swali zuri, na jibu lake si fupi. Meno ya kurithi, yale ambayo taya la chini linatangulia na meno ya mbele yanapishana, hujionyesha mapema. Ukiangalia vizuri unayaona watoto wakiwa na wiki chache, na kufikia wiki ya nane au kumi hayafichiki. Mzee alikula vizuri miaka sita. Ugonjwa wake ni wa magego na ulimjia uzeeni, na chanzo chake tulikiona wenyewe kwenye kibanda cha jikoni: chapati, ugali, ndizi mbivu, peleti bila kipimo, na nyasi kidogo za kulalia. Tangu astaafu alikuwa analishwa kama mgeni.

Lakini nikamwambia, tusiishie hapo. Twende tukakague wote.

Tulikagua vijana 31 jioni ile. Unamlaza mgongo kwenye mapaja, unainua midomo kwa vidole gumba viwili, unaangalia: meno ya juu yanatakiwa yapite mbele kidogo ya ya chini, kama mkasi uliofungwa. Ishirini na tisa walikuwa sawa. Wawili, wa mzao mmoja, meno yalikuwa yanagotana ncha kwa ncha, mmoja ameshaanza kupishana. Mmoja peke yake ningesema labda aling'ata waya akavunja. Wawili wa tumbo moja ni habari nyingine. Daftari likafunguliwa. Baba yao ni mjukuu wa Mzee. Mama yao ni binti wa Mzee.

Kasoro hii mara nyingi inajificha. Mnyama anaibeba bila kuionyesha, meno yake yenyewe mazuri, na inatoka pale tu mtoto anapoipokea kwa baba na mama. Kwa hiyo hata Mzee mwenyewe mwenye meno mazuri miaka sita huenda ndiye aliyeileta, huenda ni mmoja wa majike wake wa kwanza. Hatuna namna ya kujua. Tunachojua ni kwamba wazazi wale wawili wanayo, na kwamba kupandisha ndugu kwa ndugu ndiko kulikoitoa mafichoni.

Binti alinyamaza muda mrefu. Kisha akampigia mteja mbele yangu, akamwambia ukweli, kwamba kati ya majike kumi, wanne wanatoka kwenye mzao wa dume lile na hatawauza kwa mbegu. Mteja akachukua sita. Fedha ya wanne ikarudishwa. Wale wanne, na mzao mzima wenye kasoro, wamekwenda kwenye nyama, ambako meno yao hayamdhuru mtu. Dume lile limeondolewa, jike pia. Sasa anatafuta dume lisilo na undugu kutoka nje ya kata, na nimemwonya asinunue kabla hajaona mdomo wa dume lenyewe na wa watoto wake.

Chakula, bila kuzunguka

Kwa Mzee tulibadilisha karibu kila kitu. Nyasi kavu muda wote, mbele yake, rundo lenye ukubwa wa mwili wake. Hei ya Rhodes mkipata ni nzuri. Huku kwetu anapata majani ya Guatemala na mabingobingo yaliyokomaa kidogo, yanakatwa umande ukishakauka na kuanikwa kivulini. Yakiwa na ukungu tupa. Lusini kidogo tu kwa sungura mzima, ina kalsiamu nyingi ambayo itamchafulia mkojo. Peleti zimebaki kiganja kimoja kwa siku. Karoti ni zawadi, si chakula. Chapati imepigwa marufuku, na mdogo mtu amepewa kazi mpya ya kukata vijiti vya matawi ya mforosadi, kazi ambayo anaifanya kwa bidii isiyo ya kawaida.

Msijidanganye na vijiti, lakini. Vinasaidia meno ya mbele na vinamwondolea upweke. Magego yanasagwa na nyasi. Na mnyama ambaye magego yameshapinda hatanyooka kwa nyasi peke yake. Atarudi kwa daktari, kila baada ya miezi kadhaa, maisha yake yote. Yule mwenye meno ya mbele yaliyopishana ni kila wiki tatu hadi sita. Hesabu hiyo uifanye kabla hujaanza. Bili ya siku ile ilikaribia bei ya madume wawili wa mbegu. Binti alilipa bila kuniangalia usoni. Sikumwambia kwamba ni sawa wala kwamba si sawa. Kama angeniambia tumpumzishe, kwa mnyama aliyekwisha kiasi kile, ningemuunga mkono vilevile. Ambalo nisingelikubali ni lile la kumwacha ajifie polepole pembeni ya banda huku sufuria ya peleti iko mbele yake.

Mzee alianza kula mwenyewe siku ya tatu. Ulipofika mwezi alikuwa kilo 3.9. Anapimwa kila Jumapili sasa, na kidevu chake kinapapaswa na vidole vidogo vya mtu wa darasa la tatu ambaye anajua anachokitafuta. Tarehe ya kurudi kwa daktari imeandikwa kwa chaki kwenye mlango wa kibanda.